Safari ya Jita: gulio la angani lisilomhurumia mgeni

Wiki hii begi liache nyumbani. Hakuna basi la alfajiri, hakuna konda wa kukutukana, hakuna kuulizwa pasipoti. Tunakwenda Jita. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani ya ukutani, maana Jita imo ndani ya EVE Online, ule mchezo wa biashara za angani ambao jamaa wa kampuni ya CCP ya kule Reykjavik, Iceland, waliufungua Mei 2003. Tangu hapo kuna watu wanaamkia humo na kulalia humo, na wengine wamepatia humo marafiki na maadui wa kudumu.

Dunia yenyewe inaitwa New Eden. Ina mifumo ya nyota zaidi ya 7,800. Ukiwatoa Wachina, ambao wana seva yao, wachezaji wa Ulaya, Marekani na huku kwetu wote wamo kwenye seva moja iliyoko London. Hapo ndipo utamu na uchungu vinapoanzia. Anayekuuzia injini kwa bei ya kutupa si mashine. Ni mtu, amekaa mahali na kikombe chake cha chai, na anaitaka hela yako. Hela ya huko inaitwa ISK, herufi zilezile za fedha ya Iceland. Wenyewe wanasema ni kirefu cha kitu kingine kabisa, lakini utani umeeleweka.

Sasa kabla hujafika kwenye maharamia, kuna adui wa kwanza: menyu. Lo! Mgeni akiwasha anategemea nyota na milio ya risasi, anakutana na madirisha kama ya karani wa benki. Kushoto kuna mstari mrefu wa alama, kila alama inafungua dirisha, na kila dirisha lina vichupo vyake. Kulia kuna jedwali la vitu vilivyokuzunguka: jina, aina, umbali. Chini kuna duara la chombo chako lenye ngao, silaha za kujikinga na mwili. Ukibofya kitufe cha kulia popote pale, hata kwenye giza tupu, inashuka menyu nyingine, na ndani ya hiyo kuna nyingine. Utani wa siku nyingi ni kwamba mchezo huu ni jedwali la hesabu lililorushwa angani. CCP hawakununa. Mei 2022 walitangaza kwamba wanashirikiana na Microsoft ili data za mchezo zisomeke moja kwa moja kwenye Excel. Jamaa walioota kuwa marubani wakajikuta wahasibu, tena kwa furaha.

Ushauri wangu ni huu: kati ya madirisha yote hayo, mengi achana nayo kwanza. Shughulika na lile jedwali la kulia. Hilo ndilo jicho lako. Ile picha nzuri ya anga unayoiona katikati ni pambo tu, kwani chombo kilicho kilomita mia moja hukioni hata ukikodoa. Kwenye jedwali utakiona, na utaona kama umbali unapungua. Umbali ukipungua na wewe humjui anayekuja, ndugu yangu, huo si wakati wa kupiga picha. Panga jedwali kwa umbali, toa takataka zisizokuhusu, bakiza mageti, stesheni na vyombo vyenye watu. Kazi hiyo ya nusu saa inaokoa mali kuliko mzinga wowote utakaonunua.

Safari zenyewe zinakwenda hivi. Unafungua ramani, unaandika Jita, unaamuru ndiyo mwisho wa safari. Juu kushoto unajipanga mstari wa vimraba, kila kimraba mfumo mmoja, na rangi yake inakwambia usalama wake. Bluu na kijani ni kwa wastaarabu. Manjano, fungua macho. Ukiona nyekundu, hiyo safari fikiria mara mbili. Rangi zinatokana na namba: kuanzia 1.0 hadi 0.5 kuna polisi, 0.4 hadi 0.1 polisi hao hawaji, na sifuri kushuka chini ni nchi za wababe, ambako vikundi vya wachezaji wenyewe ndio serikali. Kwenye mipangilio ya njia kuna sehemu ya kuchagua njia fupi au njia salama. Wageni wengi hawaigusi. Iguse.

Kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine unapita geti. Unalibofya, chombo kinageuka polepole, kinachomoka, unafika, unaruka upande wa pili, unalitafuta geti lingine. Ni kama kubadilisha daladala mara kumi na tano, ila hapa ukisinzia unashushwa bila nguo. Maana kuna rubani otomatiki, mtamu huyo, unamwachia usukani unaenda kukaanga mayai. Tatizo lake ni kwamba hakufikishi getini. Anakushusha kilomita kadhaa kabla, halafu chombo kinajikokota hadi mlangoni. Kwa meli ya mizigo nzito hizo ni dakika za kuonekana na kila mtu. Ukiendesha mwenyewe kwa mkono unashuka mlangoni kabisa. Wanaojua hawamwachii otomatiki mzigo wa maana hata siku moja.

Hapa niwataje wale wa Uedama. Ni mfumo wa 0.5 kwenye njia kuu za kwenda na kutoka Jita, na kisheria una polisi. Polisi wa huko wanaitwa CONCORD na hawahongeki wala hawashindwi. Lakini kazi yao ni kuadhibu, siyo kuzuia. Anayekushambulia atauawa, hilo hakika, ila baada ya sekunde kadhaa, na kwenye 0.5 wanachelewa kuliko kwenye 1.0. Basi jamaa wamekaa wakapiga hesabu. Wananunua vyombo vidogo vya bei chee, Catalyst vikipendwa sana, wanajikusanya kumi, ishirini, wanakurukia pamoja. Wote wanakufa. Meli yako nayo inakufa. Kila furushi lililokuwa ndani lina nafasi nusu kwa nusu ya kunusurika, na mwenzao aliyesubiri pembeni na meli tupu anakuja kuokota. Vyombo walivyopoteza ni vya milioni chache chache, walichookota ni mamia ya milioni. Wakati unatazama, mmoja anakuandikia kwa adabu: pole, safari njema.

Usiseme ni hela za kuchezea tu. Kuna kitu kinaitwa PLEX, kinanunuliwa kwa dola halisi na kinauzwa sokoni kwa ISK. Agosti 2010 mtu mmoja alipakia PLEX 74 kwenye Kestrel, kichombo kidogo cha vita ambacho hata wanafunzi wanakirusha, akaingia nacho Jita. Wawili wakamlipua. Hakikusalimika kitu. Thamani yake ilipita dola 1,200. Tangu 2017 PLEX inawekwa kwenye kibubu chake maalumu na hakuna sababu ya kuzunguka nayo, lakini mzigo mwingine wote bado ni wa kubeba mgongoni. Kijana aliyekesha wiki tatu kuchimba mawe na kuuza kidogo kidogo, akatia kila kitu kwenye meli moja ili aende mara moja, huyo ndiye anayetafutwa. Gawa mzigo. Nenda safari tatu. Watu wanaipima meli yako kabla hujafika, wanaona kilichomo, na kama faida hailipi gharama ya vyombo vyao wanakuacha upite. Silaha ya maskini ni kutokuwa na thamani ya kuibiwa.

Haya, tumefika. Stesheni inayotafutwa ni moja tu: sayari ya nne, mwezi wa nne, kiwanda cha jeshi la Caldari. Wenyeji wanasema 4-4 na kila mtu anaelewa. Mbele yake vyombo vimejaa kama nzi kwenye maembe, na mara nyingi ndani ya mfumo huu mmoja kuna watu zaidi ya elfu kwa wakati mmoja. La kushangaza, hakuna aliyepanga pawe sokoni. Miaka ya mwanzo biashara ilikuwa Yulai, kwa sababu kulikuwa na mageti ya mkato yaliyounganisha falme. Wenye mchezo walipoyaondoa, wafanyabiashara wakatafuta pengine pa kukutania, mmoja akamfuata mwenzake, na hapa ndipo walipojazana. Kariakoo nayo haikujazwa na mhandisi.

Ukiingia, tazama dirisha la mazungumzo. Kelele yake! Wapiga debe wanabandika matangazo kila sekunde. Mmoja anasema mtumie milioni moja akurudishie mbili. Mwingine anatoa mkataba wa kuuza meli kubwa kwa bei ya meli ndogo, ukiusoma vizuri unakuta ni wewe unayetakiwa kutoa meli. Mwingine anauza kitu chenye jina linalofanana na cha bei mbaya, herufi moja tofauti, sifuri moja zaidi. Usikimbilie kushitaki. Utapeli wa ndani ya mchezo unaruhusiwa na wenye mchezo wenyewe, ilimradi hauhusu fedha za nje wala hauwaonei wageni kwenye mifumo yao ya kuanzia. Kuingizwa mjini ni sehemu ya mji.

Sokoni kwenyewe, kinyume chake, hakuna longolongo. Unafungua dirisha, juu wauzaji, chini wanunuzi, bei zimepangwa. Ukiuza hapo hapo unapata bei ya mnunuzi wa juu. Ukiwa na subira unaweka bei yako na kungoja, na hapo unalipa ada ya dalali pamoja na ushuru wa mauzo. Kuna wanaoishi kwa hiyo tofauti tu. Hawatoki stesheni, hawajui hata nyota zikoje nje. Wananunua chini wanauza juu, kutwa nzima. Kwa maoni yangu hao ndio wanaouelewa mji huu vizuri kuliko marubani wote.

Nje ya mlango kuna mnara wa sanamu wenye historia yake. Juni 2011 CCP walifungua duka la mavazi ya wahusika kwa fedha halisi, likiwamo lensi la jicho moja lililouzwa zaidi ya dola 60. Dola 60 kwa miwani nusu, tena ya kwenye skrini! Wachezaji wakahofia kwamba kesho zingeuzwa silaha kwa mtindo uleule. Wakajaa Jita kwa mamia na kuumiminia risasi mnara huo, wengine wakajitoa kwenye mchezo. Wenye kampuni wakawaita wawakilishi wa wachezaji Iceland kuzungumza, na baadaye mkubwa wao akaomba radhi kwa maandishi. Si kila gulio lina wateja wa namna hiyo.

Wababe wa sifuri tusiwafuate leo, nauli haitoshi. Nitawaambia moja tu. Januari 2014, mfumo unaoitwa B-R5RB ulipoteza mwenyewe kwa sababu malipo yake hayakulipwa kwa wakati. Kodi, basi. Kwenye menyu. Maadui wakaona, wakaingia, wakapigana kama saa 21, maelfu ya watu, huku seva ikipunguza mwendo wa saa ili isizidiwe. Meli 75 za aina ya Titan, zile zinazochukua miezi kuunda, ziliteketea. Thamani yake ikakadiriwa karibu dola 300,000. Mabaki yaliachwa pale kuwa kumbukumbu na watu wanaenda kuyatembelea.

Kwa mtembezi halisi, ninayempenda mimi ni Katia Sae. Hilo ni jina la rubani wa mchezo. Alizunguka mifumo yote, 7,805 kwa hesabu yake, ikiwemo ile ya kwenye matundu ya anga iliyofunguliwa Machi 2009, ambako hakuna mageti, njia zinajifunga zenyewe, na orodha ya waliomo haionekani mpaka mtu aseme neno. Ilimchukua karibu miaka 10. Alimaliza 2019, hajapoteza chombo hata kimoja. CCP wakamjengea sanamu kwenye mfumo wa Saisio. Kikundi chake, Signal Cartel, kina kazi nyingine nzuri: wanaficha makasha ya vifaa ndani ya matundu hayo ili aliyepotea humo, akiwaita, aelekezwe kasha lilipo na apate vya kutokea. Katika dunia ya vibaka, hao wanafanya hivyo bure.

Kama unakwenda: tangu Novemba 2016 kuingia ni bure, ila kuna vyombo na ujuzi ambao bila kulipa hupewi. Meli kubwa za mizigo ni miongoni mwa hivyo, na pengine ndiyo salama yako. Faili lake ni zito, usijaribu kwa bando la vocha. Saa za huko ni za Greenwich, kwa hiyo watu wanajaa wakati wa jioni ya Ulaya, yaani kuanzia saa nne usiku kwa saa zetu. Na kila siku saa 8 mchana kwa saa za Dar na Nairobi seva inafungwa kwa muda mfupi kufanyiwa usafi. Uwe umeshaegesha stesheni kabla ya hapo.