Roboti na Spana

Makambako ni mji wa upepo na njia panda. Barabara kuu iendayo Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1975, hupita papo hapo. Penye magari mengi hapakosi mafundi. Na kijana mmoja wa Njombe alikuwa na mjomba wake miongoni mwao.

Kijana huyu alisoma uhandisi katika chuo kikuu. Wakati wa likizo alipata habari kuwa wenzake wamemchagua kuingia katika timu itakayokwenda ng'ambo kushindana kwa roboti. Habari ilikuwa njema, walakini ilikuja na mzigo. Sehemu ya nauli ilitakiwa itoke nyumbani, na nyumbani hapakuwa na fedha ila za viazi vya mama yake, zilizokwisha kutengwa kwa ada ya mdogo wake. Kushindwa kwa fedha za chuo ni jambo moja. Kushindwa kwa ada ya ndugu ni jambo jingine. Akashuka Makambako, kilometa 60 hivi, kutafuta shauri.

"Kamwene, mjomba."

"Kamwene, mwanangu. Nishikie taa."

Akaieleza shida yake huku ameshika taa chini ya lori. Mjomba aliuliza neno moja tu: roboti ikiharibika uwanjani, huwaje? Kijana akajibu kuwa hutengenezwa papo hapo, kwa dakika chache, kwa vilivyopo mkononi.

"Basi hayo ni mashindano ya gereji," akasema mjomba.

Maneno haya si ya mzaha. Mwaka 2004, vijana wanne wa sekondari ya Carl Hayden, mjini Phoenix, Marekani, watoto wa wahamiaji kutoka Mexico, waliingia katika mashindano ya roboti za chini ya maji huko Santa Barbara, wakajipanga na vyuo vikuu. Roboti yao ilikuwa ya mabomba ya plastiki, na gharama yake haikutimia dola 1,000. Katika majaribio, maji yalivuja ndani ya sanduku la vifaa vya umeme. Hawakuwa na wakati wa kuunda jingine. Wakanunua visodo dukani, wakavipanga ndani vinyonye maji. Wakawa wa kwanza, na timu ya chuo mashuhuri cha MIT ikawa nyuma yao.

Huko Njombe kwenyewe mzee ajulikanaye kwa jina la Pwagu alifua umeme kwa maji ya mto bila shahada yoyote. Hata hivyo, mtoto ashikaye spana aghalabu huambiwa aiache akasome, kana kwamba mkono na kitabu ni mahasimu. Kijana huyu naye aliambiwa hivyo, na aliyemwambia ni mjomba huyu huyu.

Jioni mjomba alimpa noti chache na kipande cha waya wa shaba. "Nauli si neno langu," akasema. "Ni la mama yako na mdogo wako. Uwaulize wote wawili."

Akampigia mama simu akiwa kituo cha basi. Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama huko waendako kuna baridi.