Sauti ya kweli na sauti ya kujionyesha

Katika miji ya Ulaya, ya Marekani na ya Japani wako watu wanaosikiliza muziki nyumbani kwa vyombo vya bei kubwa sana. Vipaza sauti viwili tu, vile tunavyoviita bafle, vyaweza kugharimu bei ya motokaa. Watu hao wana ugomvi wa siku nyingi: Chombo bora ni kipi? Kile kinachotoa sauti kama ilivyo, au kile kinachofunua kila jambo dogo lililomo ndani ya disiki: mwimbaji akivuta pumzi, ulimi ukigusa meno, kidole kikiteleza juu ya uzi wa gitaa?

Dukani chombo cha namna ya pili hushinda. Sababu yake ni hii: sikio letu husikia kwa wepesi zaidi sauti zenye mitetemo 2,000 mpaka 5,000 kwa sekunde. Fundi akiziongeza kidogo hizo na zile nyembamba zaidi, kila «s» inaruka mbele, nasi twasema: «Ajabu! Hatujapata kusikia hivi.» Tena vyombo viwili vikishindana, kile kinacholia kwa nguvu kidogo zaidi huonekana kuwa bora, hata kama si bora.

Lakini tukipeleke nyumbani. Baada ya saa moja sikio linachoka. Tunapunguza sauti, tunabadili disiki, mwisho tunazima, wala hatujui kwa nini. Pilipili nyingi huficha ladha ya samaki.

Je, mbele ya waimbaji wenyewe tunasikia nini? Tufikiri Missa Luba, iliyoimbwa na Les Troubadours du Roi Baudouin, kwaya ya Kamina katika Katanga, chini ya Padri Guido Haazen, ikatiwa katika disiki mwaka 1958. Mtu aketiye benchi ya tano kanisani hasikii midomo ikifunguka. Anasikia sauti za watoto na za wakubwa zikishikana, anasikia tumbo la ngoma, na kuta zinazorudisha sauti. Chombo cha kujionyesha kinamtenga kila mwimbaji na mwenzake. Ngoma yapoteza tumbo, labaki kofi la mkono tu. Tena mara nyingi mikrofoni huwekwa karibu sana na mwimbaji, na disiki yenyewe ina mambo kuliko yale ya benchi. Chombo kikiongeza tena, ni chumvi juu ya chumvi.

Wengine walitafuta njia ya kupima. Mwaka 1954 Gilbert Briggs, Mwingereza mtengenezaji wa vipaza sauti, aliwaita watu Royal Festival Hall, London, wasikilize wapigaji wa muziki wenyewe, kisha disiki, wafananishe. Mafundi wa BBC walipima vipaza sauti kwa sauti ya mtu anayesema. Hiyo ni hekima. Nani ajuaye kwa hakika kinanda fulani kililia namna gani siku ile? Lakini kila mmoja wetu ajua sauti ya mama yake. Mtu tumjuaye akisikika kama mwenye mafua, au kama asemaye ndani ya pipa, au kama «s» zake zachoma kama sindano, chombo ni kiongo. Kipaza sauti kidogo LS3/5A, ambacho BBC ilikibuni katika miaka ya 1970, chasifiwa hata leo kwa sauti za watu, ijapokuwa sauti nzito kabisa hakiziwezi.

Wapendao mambo madogo madogo wanatujibu: «Chombo kinachofunika sauti kama blanketi ni kiongo vilevile.» Ni kweli. Kikificha neno la mwimbaji, kimetuibia. Pumzi ya mwimbaji isikike, lakini ikae ndogo kama ilivyo.

Basi, atakaye kununua chombo, kikubwa au kidogo, achukue sauti anayoijua, kama kwaya ya parokia yake. Asikilize saa nzima, si dakika mbili. Asihesabu mambo mapya aliyoyasikia. Ajiulize tu: «Hawa ndio ninaowajua?» Akijibu ndiyo, na sikio lake halijachoka, anunue, kama fedha zatosha.