Ziwa Kavu la El Mirage na Magari ya Kiganjani

Msafiri atokaye Los Angeles, nchini Marekani, akiivuka milima kuelekea kaskazini-mashariki, huingia katika jangwa la Mojave, na humo hulikuta ziwa lisilo na maji. Jina lake ni El Mirage. Ni sakafu ya udongo mgumu, tambarare kama meza. Mvua ikinyesha hugeuka tope, ikikauka huwa uwanja wa mashindano ya kasi. Hapa, na katika ziwa kavu la Muroc lililo jirani, ndipo ilipolelewa hotirodi: gari kuukuu lililovuliwa madigadi na bampa, likapunguzwa paa na kutiwa injini yenye nguvu.

Chama cha mashindano hayo, Southern California Timing Association, kiliundwa mwaka 1937. Muroc lilitwaliwa na jeshi, na sasa limo ndani ya kituo cha anga cha Edwards. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari waliorejea makwao na ujuzi wa mitambo walinunua Ford za mwaka 1932 kwa bei ndogo, wakazigeuza kwa mikono yao wenyewe.

Mwaka 1968 kampuni ya Mattel, wakati huo ikiwa Hawthorne karibu na Los Angeles, ilitoa vigari 16 vya kwanza vya Hot Wheels. Msanifu wake, Harry Bentley Bradley, alikuwa ametoka General Motors. Kimojawapo, Beatnik Bandit, kilinakiliwa kutoka hotirodi halisi ya Ed Roth. Hivyo jangwa likaingia mfukoni mwa mtoto.

Watoto wale wamekuwa watu wazima, na baadhi yao huvifanyia vigari hivyo yale waliyofanyiwa Ford za zamani. Kigari hugeuzwa chali, na vichwa vya ribiti zilizo chini yake hutobolewa polepole kwa keekee ndogo, mpaka bodi iachane na kitako chake. Vioo vya plastiki hutolewa kwanza. Ndipo rangi huondolewa kwa dawa, nje ya nyumba, mikono ikiwa na glavu. Nguzo za paa hukatwa kwa msumeno mwembamba, zikafupishwa, zikaunganishwa tena kwa gundi kali. Moto haufai kabisa, kwani aloi ya zinki huyeyuka kabla ya nyuzi 400 za Selsiasi, na bodi yote huharibika mara moja.

Ugumu wenyewe, hata hivyo, huja kabla ya keekee. Kigari cha 1968 chenye rangi yake ya asili huuzwa ghali kwa wakusanyaji. Ribiti ikishatobolewa, thamani hiyo hairudi. Wakusanyaji wana haki kwa vile vilivyo salama, lakini kilichochubuka na kupoteza gurudumu hakina cha kulindwa sokoni. Kikiwa cha marehemu baba, hapo fedha si hoja tena: michubuko ile ndiyo kumbukumbu, na msasa huifuta. Wapo wanaokiacha kabatini, wakanunua kingine cha dukani kwa kazi hiyo.

Mwishowe hutiwa magurudumu madogo mbele na makubwa nyuma, pua ikainama, kitako kikafungwa kwa skrubu. Kisha kigari husukumwa juu ya meza. Kikivuta upande, ekseli imepinda, na skrubu hufunguliwa tena.