Mchanga wa Mambrui si Lami

Ukivuka daraja la mto Sabaki ukitoka Malindi, hukawii kufika Mambrui penye vilima vya mchanga. Hapo utakodishiwa pikipiki ya magurudumu manne. Msomaji, magurudumu hayo yasikudanganye: hupinduka, na zaidi ya kilo 200 zikamlalia aliyeipanda. Vaa helmeti na viatu vya kufunika miguu, joto lisikushawishi. Ukipanda kilima inama mbele. Ukishuka rudi nyuma, wala usikate kona ubavuni mwa mteremko. Kileleni punguza mwendo, kwani ng'ambo huenda ni genge.

Mwanangu wa miaka tisa alililia kukaa nyuma yangu. Kiti kilikuwa cha mtu mmoja. Nilimwacha na mamake chini ya mvinje, akaninunia hadi Malindi.