Jemadari wa Viazi

Washairi wa pwani wamewasifu manahodha na mashujaa. Huko bara, katika baridi ya Njombe, yupo jemadari ambaye bado hajatungiwa utenzi. Silaha yake ni methali: "Kidole kimoja hakivunji chawa." Hakuna harusi, msiba wala mtaro wa maji uliowahi kuponyoka hotuba yake juu ya ushirikiano.

Vita vyake vikuu vilipiganwa asubuhi moja ya mvua, lori la viazi lilipozama matopeni likielekea Makambako, mji wa njia panda, ambako barabara ya Songea hukutana na ile itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Humo mlikuwa na magunia ya mjane mmoja, na katika magunia hayo ada ya mwanawe. Mnunuzi asingengoja hata alasiri.

Jemadari akapanda juu ya kisiki, akagawa vikosi. Akanena habari za mchwa na kichuguu chao, za ujima wa mababu, za reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa mwaka 1970 hadi 1975 kwa mikono ya Watanzania, Wazambia na Wachina. Gurudumu likazidi kuzama.

"Baba," mjane akasema kwa adabu, "maneno tumeyapokea. Limebaki bega."

Jemadari akashuka, akavua koti, akasukuma. Lori likatoka, likamvika tope tangu utosini hadi nyayoni.

Makambako mnunuzi akauliza ni nani aliyeliokoa. Wenzake wakajiandaa kwa hotuba ndefu. Jemadari akapangusa uso, akajibu: "Tulisukuma."

Ndiyo hotuba yake fupi kupita zote, na ndiyo pekee wanayoikumbuka.