Safari ya Eldoret Mpaka Uganda: Mpaka Ulipofungwa na Malori Yakapita

Mji wa Eldoret uko katika nyanda za juu za Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kando ya mto Sosiani. Wazee wengi wamezoea kuuita Sisibo, kwa kuwa mahali ulipojengwa palikuwa shamba lililoandikwa katika vitabu vya Serikali kuwa Namba 64. Jina la Eldoret ulipewa mwaka 1912. Reli iliufikia mwaka 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 ukapewa hadhi ya jiji, nao ukawa jiji la tano katika Kenya.

Wageni wengi huujua mji huu kwa mahindi, maziwa na wakimbiaji wake hodari. Lakini asimamaye kando ya barabara kuu alfajiri huona jambo jingine, nalo ni malori. Malori ya makasha, malori ya chumvi na saruji, na hasa malori ya mafuta, hupita mjini yakielekea magharibi bila kukatika. Tangu mwaka 1994 bomba la mafuta litokalo pwani lafika Eldoret, na kwa hiyo madereva wa Uganda, wa Rwanda na hata wa Kongo huja hapa kupakia. Mlango wa mji huu, basi, watazama Uganda.

Wala si ajabu. Hadi mwaka 1902 Uasin Gishu yenyewe ilikuwa sehemu ya Uganda, katika jimbo lililoitwa Jimbo la Mashariki. Mwaka ule Serikali ya Uingereza iliuhamisha mpaka kwa amri ya maandishi, na nchi yote hii ikatiwa upande wa Kenya. Hapana mlima uliosogea wala mto uliogeuka njia. Watu walilala katika nchi moja wakaamka katika nyingine.

NJIA YENYEWE

Kutoka Eldoret mpaka Malaba ni yapata kilomita 125. Msafiri huacha mashamba mapana ya mahindi na ngano, hupita Turbo, kisha barabara huanza kuteremka. Baridi hupungua, na migomba na miwa huonekana zaidi. Hufika Webuye, karibu na maporomoko ya mto Nzoia, mahali palipojulikana zamani kwa kiwanda chake cha karatasi. Kutoka hapo huelekea Bungoma, na baada ya Bungoma nchi huwa tambarare na yenye joto. Mwisho huonekana mwamba mkubwa wa Tororo, umesimama peke yake upande wa Uganda, na hapo msafiri hujua kwamba amefika mpakani.

Mpaka wenyewe ni mto mdogo tu. Wateso wanakaa ng'ambo hii na ng'ambo ile, nao wana lugha moja, mila moja, na mara nyingi ukoo mmoja. Mtu aweza kuwa na shangazi upande wa pili, na shamba la babu yake huko huko. Siku za kawaida safari si ngumu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja, ili msafiri asisimame mara mbili kwa shughuli ile ile.

Hata hivyo njia hii imepata kufungwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, na uhusiano wa nchi hizi mbili ukaharibika sana. Desemba 1987 majeshi yalipigana risasi huko Busia, na mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa. Kwa upande mwingine wa Kenya, Tanzania ilifunga mpaka wake Februari 1977, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Watoto waliozaliwa mpaka ulipofungwa walikuwa wamekwisha kuanza shule ulipofunguliwa. Lakini kufungwa kwa mwaka 2020 hakukufanana na kule kwingine, kwa sababu hakukuwa na ugomvi wa serikali. Adui alikuwa ugonjwa.

AMRI YA MWAKA 2020

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa, na tarehe 27 amri ya kutotoka nje usiku ikaanza, tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Uganda nayo ilitangaza tarehe 21 Machi kwamba inafunga mipaka yake kwa abiria wote. Basi hazikuvuka tena, wala matatu, wala mwenda kwa miguu.

Lakini amri ile ilikuwa na mlango mmoja ulioachwa wazi. Uganda haina bahari. Mafuta yake, chumvi yake, dawa zake na vyuma vyake hutoka bandarini kwa njia ya barabara. Kuifunga njia ile kabisa kungekuwa sawa na kumzuia mgonjwa asile ili apone. Kwa hiyo malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, kila lori likiwa na watu wasiozidi watatu.

Basi mtu mmoja tu ndiye aliyebaki msafiri halali katika njia nzima, naye ni dereva wa lori pamoja na utingo wake. Mama aliyekwenda kumwona binti yake Tororo alizuiwa. Mchuuzi wa nguo alizuiwa. Mwanafunzi alizuiwa. Dereva aliambiwa, Endelea.

MSAFIRI ALIYEOGOPWA

Waswahili husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule methali hiyo iligeuzwa chini juu. Kwa kuwa dereva ndiye peke yake aliyevuka, ilikuwa lazima ugonjwa uonekane kwake kwanza. Alipimwa wakati ambapo watu wengi hawakupimwa, na katika miezi ya Aprili na Mei wagonjwa wengi waliotangazwa Uganda walikuwa madereva wa malori. Watu waliposikia habari hizo redioni siku baada ya siku, hawakusema kwamba dereva ndiye anayepimwa zaidi. Walisema kwamba dereva ndiye ugonjwa.

Mambo yakawa mazito. Katika miji ya njiani, walikokuwa wakipokewa kwa chai na ugali kwa miaka mingi, watu waliwakwepa. Aliyekuwa akimwuzia dereva chakula mkononi sasa alikiweka mbali na kurudi nyuma. Hata nyumbani, jirani aliyeliona lori limesimama karibu na kijiji aliuliza, Huyu ametoka wapi?

Mwanzoni Uganda ilimpima dereva mpakani ikamruhusu aendelee na safari huku majibu yakingojewa. Ikaonekana kwamba baadhi yao walikuwa wamekwisha kufika mbali majibu yalipotoka, ikawa kazi ngumu kuwatafuta. Baadaye ikaamriwa kwamba kila dereva angoje majibu yake mpakani. Amri hiyo ilikuwa na maana, lakini maabara hazikutosha. Majibu yalichukua siku, na malori yakajipanga. Msururu ulianzia Malaba ukarudi nyuma makilomita mengi kuelekea Bungoma. Madereva walilala ndani ya malori au chini yake, wakapika kando ya barabara, pasipo vyoo vya kutosha wala maji ya kuoga. Watu walioambiwa wakae mbalimbali ili wasiambukizane walijikuta wamekusanywa mahali pamoja na sheria ile ile.

Eldoret ilichukua sehemu yake ya kazi. Maabara ya AMPATH katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilikuwa miongoni mwa maabara zilizopima ugonjwa huu kwa ajili ya magharibi ya Kenya. Kila karatasi ya majibu iliyoandikwa humo ilikuwa ruhusa ya mtu fulani kufanya kazi au kurudi kwao.

Mwezi wa Mei palitokea jambo lingine linalofaa kukumbukwa. Serikali ya Uganda iliamua kwamba madereva wa kigeni walioonekana kuwa na ugonjwa warudishwe kwao, na wasitiwe katika hesabu ya wagonjwa wa Uganda. Kwa mwandishi wa hesabu jambo hilo ni dogo, maana mstari mmoja umefutwa. Lakini dereva alikuwa amewapelekea mafuta watu wa nchi ile, akaugulia katika njia yao, na jina lake likaondolewa katika kitabu chao.

NAMNA NJIA ILIVYOFUNGULIWA

Tarehe 12 Mei 2020 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walizungumza kwa njia ya mitambo, na matunda ya mashauri yale yalikuwa mpango mmoja wa kumpima dereva. Apimwe kabla ya kuondoka, apewe cheti cha siku 14, na cheti hicho kikubaliwe na kila nchi anayopita. Safari yake ifuatwe kwa simu, ili ijulikane alikosimama na aliokutana nao. Mpango ulichelewa na ulikuwa na kasoro zake, lakini shabaha yake ilikuwa njema: mtu apimwe mara moja na aaminiwe, badala ya kupimwa kila mpaka na kushukiwa kila mahali.

Wako pia waliochagua njia za panya. Mto ule ni mdogo, vivuko ni vingi, na mwenyeji avijua vyote. Wengine walivuka kwa haja ya kweli, kama mazishi au ugonjwa; wengine kwa magendo tu. Lakini aliyevuka gizani hakupimwa na mtu yeyote, na alipougua hapakuwa na cheti cha kuonyesha alikotoka. Hapo ndipo dereva aliyedhaniwa kuwa hatari alipokuwa na nafuu kwa jamii kuliko jirani aliyejificha.

Uganda ilifungua mipaka yake kwa abiria tarehe 1 Oktoba 2020. Hata hivyo habari haikuishia hapo. Januari 2022 madereva walitakiwa kupimwa tena Malaba na Busia, na kulipa dola 30 kila mmoja. Wakakataa na kuyasimamisha malori. Muda si muda mafuta yakaadimika Uganda na bei yake ikapanda sana, hata Serikali ya huko ikaondoa malipo yale. Kwa mara ya kwanza watu wengi waliona waziwazi kwamba dereva waliyemkimbia ndiye aliyewaletea mwanga wa taa.

MAHINDI NAYO YALIZUIWA

Wakulima wa Uasin Gishu wanalo la kukumbuka pia. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yatokayo Uganda na Tanzania, kwa sababu ya sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Mwaka uliotangulia mizigo ilipita na watu wakabaki. Safari hii watu walipita na mahindi yakabaki. Mkulima wa Eldoret aweza kufurahi kwa siku chache, akitumaini kwamba gunia lake litapata bei nzuri. Lakini baada ya siku hizo amri ililegezwa kwa masharti: mwagizaji aandikishwe, na shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Sharti hilo lina faida kuliko zuio, kwa maana humlazimisha kila mtu, wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, aanike mahindi yake vizuri na kuyaweka pakavu. Sumu ya ukungu haijui mpaka, wala haiulizi mahindi yalilimwa na nani.

MAFUNZO YA NJIA HII

Septemba 2022 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Uganda, nao ni wa kutisha kuliko Korona. Wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa muda, lakini mpaka wa Malaba haukufungwa. Kenya iliongeza ukaguzi wa afya mpakani, na malori yakaendelea kwenda. Tarehe 11 Januari 2023 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Yaelekea miaka miwili ya msururu wa Malaba haikupita bure.

Hapana serikali isiyo na haki ya kuilinda nchi yake, na iko siku ambayo mpaka hauna budi kufungwa. Lakini hapana mpaka ufungwao wote. Daima huachwa tundu, na katika tundu hilo hupita mtu ambaye wengine hawawezi kuishi bila kazi yake. Ukitaka kujua kama amri ya safari ni njema, usimtazame aliyezuiwa tu. Mtazame na yule aliyeruhusiwa. Je, ana mahali pa kulala anapongoja? Majibu yake yatoka upesi? Cheti chake chaaminiwa upande wa pili? Akiugua, yuko wa kumhesabu?

Msafiri wa leo atokaye Eldoret na achukue kitambulisho chake, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa maana aweza kuulizwa. Aondoke mapema, apite mlangoni na si kichakani, kwa kuwa njia ya mwongo ni fupi. Na atakapoipita safu ya malori karibu na Malaba, akaona dereva ameinama juu ya sufuria yake kando ya gurudumu, asipite kimya. Na amsalimu.