Anwani ya Sauti

Kabla ya sidii, Kiswahili kilikuwa na santuri. Neno hili lilibeba mambo mawili bila kulalamika: mashine yenye pembe na sindano, na sahani nyeusi iliyozunguka juu yake. Jina lenyewe ni ndugu wa santur, ala ya nyuzi ya Waajemi, lakini pwani ililipokea na kulipa kazi mpya. Sidii haikupata bahati hiyo. Iliingia ikiwa herufi mbili za Kiingereza, ikatamkwa ilivyotamkwa, na watu wakaendelea na shughuli zao. Wapo wanaoiita diski, wapo wanaoiita sahani, na tupo wachache tunaoendelea kuiita santuri kwa ukaidi wa mapenzi tu.

Kitenzi chake, hata hivyo, nakipenda. Twasema kuchoma sidii. Wasiopenda tafsiri sisisi watanung'unika kwamba kimechukuliwa Kiingereza kama kilivyo, na hawakosei, ila tendo lenyewe linakitetea. Ndani ya sahani tupu kuna tabaka jembamba la rangi. Mwale wa leza huliunguza hapa na kuliacha pale, mpaka sauti ya dakika 80 inageuka safu ya makovu yasiyoonekana kwa macho. Kilichoungua hakirudi kuwa kibichi.

Tabia hiyo ya kutorudi ndiyo iliyonifanya nizishike tena sahani hizi wakati dunia imekwisha kuziacha. Naishi Endulen, ndani ya eneo la hifadhi la Ngorongoro, huku juu ambako ukungu wa asubuhi una mazoea ya kuchelewa kuaga. Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa na kazi ya ualimu. Wenyeji wangu ni Wamaasai, na Kiswahili ni lugha tunayokutania njiani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinasa nyimbo na hadithi za wazee. Zikikaa kwenye simu, hazina usalama: siku mjukuu anapotaka nafasi ya muziki wake, bibi hufutwa. Sidii inayoandikwa mara moja tu haifutwi na mjukuu. Tena katika maboma yenye sola na televisheni, deki ya dividii bado ipo, imefunikwa kitambaa dhidi ya vumbi, na inafanya kazi.

Tatizo la sahani tupu ni kwamba zote ni pacha. Ukichoma kumi na kuziweka mezani, hujui ni ipi yenye wimbo wa harusi na ipi yenye hadithi ya fisi. Lazima zipewe jina, na hapa ndipo watu wengi huziua bila kujua. Tumezoea kuogopa upande wa chini, ule unaong'aa. Kwenye sidii, upande dhaifu ni wa juu. Chini kuna plastiki ya unene wa takriban milimita 1.2, ngao ya kutosha; tabaka la kuakisi mwanga limelala juu kabisa, likilindwa na varnishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini huenda ukasuguliwa ukaisha, lakini wa juu huondoka na tabaka lenyewe, na hakuna fundi wa kulirudisha. Dividii ni afadhali, kwa kuwa moyo wake umebanwa katikati ya sahani mbili za milimita 0.6 kila moja. Kwa hiyo kuandika jina la bibi juu ya sidii kwa kalamu ya ncha ngumu, au kwa wino wenye spiriti kali, ni kumhatarisha bibi mwenyewe.

Karatasi ya kubandika nayo ina visa vyake. Gundi hukauka, huvimba kwa joto, na kibandiko kikikaa kando ya mahali pake hata kwa milimita moja, sahani inayozunguka mamia ya mara kwa dakika huanza kuyumba. Ukijaribu kukibandua ili ukinyooshe, kinaweza kung'oka pamoja na tabaka la kuakisi. Nimewahi kuletewa sahani ya namna hiyo, sahani ya mahubiri, ikiwa na dirisha katikati. Ukiinua juu unaona mbingu kupitia kwayo.

Kilichobaki ni sahani zenye uso mweupe uliotengenezwa kunywa wino, pamoja na printa ya nyumbani yenye trei yake maalumu. Nilizipata zote mbili kwa mkono wa pili, zikapanda kutoka Karatu juu ya mizigo ya watu. Kazi yake ni ya taratibu. Sahani huchomwa kwanza na kusikilizwa hadi mwisho, kwa maana hakuna sababu ya kuivika nguo sahani iliyokufa. Kisha hulazwa kwenye trei, uso mweupe juu, trei ikaingizwa mlalo, na printa ikaimeza kwa sauti ya mtu anayesaga mtama. Sahani ina kipenyo cha milimita 120, na tundu la milimita 15. Eneo linalopokea wino, kwa aina ninazotumia, laanzia kipenyo cha milimita 23 na kuishia 118. Ukivuka mpaka huo, wino hubaki juu ya plastiki ukiwa umelowa na kuchafua kila kinachofuata. Baada ya kuchapwa, sahani hulala usiku kucha bila kuguswa. Wino wa aina hii hufumuka kwa kidole chenye unyevu, na Endulen haipungukiwi unyevu. Umeme wote watoka kwenye betri ya sola kupitia inveta, basi nachapa mchana, jua likiwapo, na sizidishi sahani nne kwa siku.

Malenga wenzangu mtanielewa nikisema kwamba starehe ya kazi hii imo katika tundu. Ukitaka kuandika mstari upitao katikati ya sahani, tundu linaukata. Lazima uwe na vipande viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, vilingane urefu, na kila kimoja kisimame chenyewe bila kumtegemea mwenziwe kisarufi. Nani kati yetu hajui jambo hilo? Ni ukwapi na utao. Mara ya kwanza nilipopanga jina kwenye kompyuta nilijikuta nahesabu mizani kwa vidole, nane huku na nane kule, na jina lililonishinda kwa dakika ishirini likakaa mahali pake.

Lakini je, liandikwe jina gani? Hapa shughuli ya printa inakwisha na shughuli yetu inaanza.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodiwa na kampuni yenye nembo ya mbwa asikilizaye gramafoni. Duara la karatasi katikati ya santuri lilibeba jina la mwimbaji, na jina hilo lilifika mahali ambapo Siti mwenyewe hakukanyaga. Mtu aliyezaliwa Fumba katika ufukara akawa neno lililochapwa. Upande wa pili kuna Muyaka bin Haji wa Mombasa. Tungo zake hazikuwa na chapa wala duara. Zilikaa vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kumweleza W. E. Taylor zinahusu nini. Yafaa tuyatazame maelezo hayo kwa heshima kubwa kuliko tunayoyapa kwa kawaida. Ubeti wa Muyaka usio na habari ya tukio lake mara nyingi ni kitendawili kisicho na wa kukitegua. Diwani ilipochapishwa na Hichens mwaka 1940, ilisimama juu ya kumbukumbu ya mtu aliyejua nani alimwambia nani, na kwa nini.

Na jina likikosewa, hukosewa kwa muda mrefu. Kaskazini ya hapa kuna bonde ambalo dunia nzima inaliita Olduvai. Wamaasai huliita Oldupai, jina la mkonge mwitu unaoota humo. Mgeni mmoja alisikia sauti moja badala ya nyingine, akaiandika, ikaingia vitabuni, na hadi leo ramani nyingi zimebaki na sikio lake. (Laetoli, iliyo jirani zaidi nasi, ina nyayo za miguu zilizogunduliwa mwaka 1978, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka takriban milioni 3.66 iliyopita. Rekodi safi kabisa, na haina anwani hata moja.)

Basi nikawa mwangalifu, labda kupita kiasi. Kimaasai kina irabu tisa, na herufi zetu tano hazitoshi. Fonti nyingi za kompyuta huchapa kisanduku kitupu mahali pa irabu zilizobaki. Tarehe nazo ni mtihani. Ukimuuliza mzee wimbo ulitungwa lini, hakupi mwaka, hukupa rika: wakati wa Seuri, wakati wa Makaa. Niliandika rika, kwa sababu mwaka ningeukisia, na rika alilijua.

Mtihani mkubwa uliletwa na bibi mmoja, ambaye kila mtu hapa humwita koko, nami vilevile. Tangu Juni 2022 baadhi ya kaya za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Mjadala wa jambo hilo ni mzito, una mahali pake, na mahali hapo si hapa. Mwanawe alikuwa amejiandikisha, naye koko angefuatana naye. Binti zake walikuwa wanabaki. Nilikuwa nimenasa nyimbo zake kumi na moja, za wanawake, za kuombea uzazi na za kumsindikiza bibi harusi, na familia iliomba nakala: moja ya kwenda Tanga, nyingine za kubaki.

Nilipanga jina lake katika nusu mbili, tundu katikati. Nikaichapa kwanza juu ya karatasi ya kawaida, kama nifanyavyo siku zote, nikaikata duara nikampelekea. Mwanawe alimsomea. Koko alisikiliza, akasema maneno mengi, na mwanawe akayafupisha mno, kama wafanyavyo wakalimani wote wa kiume wa mama zao.

“Anasema uliondoe jina lake, mwalimu.”

“Kwa nini, koko? Watakaosikia watajuaje ni wewe?”

Jibu lilikuja kwa sehemu. Watakaosikia watamjua kwa sauti. Wasioijua sauti, jina halitawasaidia. Na nyimbo si zake. Ziliimbwa na mama zake, na wanawake wengine waliokuwa wakiitikia siku ile wapo humo ndani. Atawezaje kukaa peke yake juu ya mlango wa nyumba ya watu wengi?

Nilibishana naye kwa adabu. Nilimweleza habari ya Siti. Sikumweleza ya Muyaka, ingawa ndiyo iliyokuwa kifuani mwangu: hofu kwamba miaka hamsini baadaye mtu ataokota sahani hii Handeni na kusikia mwanamke asiye na jina. Bado naishika hofu hiyo, na bado naona nilikuwa na haki ya kuisema. Hata hivyo, sauti ni ya mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesema. Tukakubaliana kwamba majina yote, lake na ya waitikiaji, pamoja na rika na tukio la kila wimbo, yaandikwe kwenye karatasi ndani ya jalada. Juu ya sahani pabaki bila neno.

Nilidhani shauri limekwisha. Koko alikuwa bado ameshika lile duara la karatasi, kidole chake kimepita kwenye tundu. Akaliinua akaliweka shingoni, chini ya kidevu, akacheka. Mwanawe hakuhitaji kutafsiri. Ukosi wa shanga ambao wanawake wa huku huvaa ni sahani bapa yenye tundu katikati, mizunguko ndani ya mizunguko, na kila mzunguko una rangi yake.

Alichukua adhuhuri nzima kunipa mpangilio. Alivua ukosi wake akauweka juu ya meza karibu na kompyuta mpakato, na kila nilipokosea kivuli cha buluu aligonga kioo kwa ukucha. Wapi rangi inakaa, na inapakana na ipi, si jambo la kuamuliwa kwa kupendeza tu. Kwa mpangilio huo mwanamke humtambua mwenziwe ametoka upande gani. Maana zake alinipa kwa kiasi alichoona kinanitosha. Sitaziandika hapa.

Kwa kupima kutoka milimita 23 hadi 118 nilipata mizunguko kumi na tisa, kila mmoja milimita mbili na nusu. Wekundu ulikula wino kuliko kawaida. Sahani ya kwanza ilikaa usiku kucha juu ya kabati, na asubuhi, ukungu ulipoondoka, nikampelekea. Hajui kusoma, lakini aliisoma: kidole kutoka nje kwenda ndani, mzunguko baada ya mzunguko, akisimama penye nyeupe, akiendelea. Kisha akaigeuza, akautazama upande unaong'aa, akauliza upande upi unaimba. Nikamwonyesha.

Akaifunga kwenye kanga, akaitia katika mfuko wa safari. Halafu akamwambia mwanawe jambo, na mwanawe akanigeukia.

“Ya binti yake wa Kakesio, mwalimu, ianze na kijani.”